Kazini kwa Baiskeli Malindi: Mwongozo wa Anayeanza

Watu wakishajua kwamba unakwenda kazini kwa baiskeli, maswali huwa ni yale yale. Si utafika umelowa jasho? Ukipata pancha je? Boda hawatakugonga? Na hizo nguo za kazi? Nimeyajibu sana pembeni mwa barabara, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, na kila mara mtu mwingine anakuja na yayo hayo. Basi nayaandika yote mahali pamoja, kwa yule anayeanza kutoka sifuri.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Kinachowatoa watu kwenye baiskeli hapa kwetu si udhaifu wa miguu. Mji wetu ni tambarare, mtu mzima wa kawaida ataumudu. Kinachowatoa ni tairi lililolala asubuhi ya Jumatatu, cheni iliyokula kutu, shati lililoloa na pa kulibadilishia hapapo. Vitu vidogo vidogo, na karibu vyote hutengenezwa usiku, kabla hujalala. Ndiyo maana mwongozo huu unasema mengi juu ya jioni na machache juu ya mbio.

Nimemwandikia mtu anayeishi Barani, Maweni, Muyeye, Mtangani au Kisumu Ndogo, na kazi yake iko mjini, sokoni, shuleni, hospitalini au kwenye hoteli za upande wa Casuarina. Safari ya kilomita 3 hadi 8, kwenda tu. Anayetoka Gede au Mambrui anaweza pia, na wapo wanaofanya hivyo kila siku, lakini asianzie hapo. Azoee mwendo mfupi kwanza.

Muda uhesabu hivi: mwendo wa pole usiotoa jasho jingi ni kama kilomita 12 kwa saa. Kilomita 5 ni dakika 25. Ongeza dakika 10 za dharura. Na ukitaka kujua faida, chukua nauli ya boda unayolipa kwenda na kurudi, izidishe kwa siku zako za kazi katika mwezi. Sina haja ya kukuandikia jumla yake, utaiona mwenyewe na utakaa kimya kidogo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Baiskeli yenyewe kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Kuna aina mbili utakazoziona kwa wingi. Moja ni ile nyeusi nzito, Black Mamba, yenye tairi za inchi 28, keria ya chuma na breki za fito. Ni baiskeli ya kazi. Inabeba gunia, inabeba mtungi wa maji, kila fundi anaijua na vipuri vyake viko kila mahali. Ubaya wake ni uzito, na breki zake zikiloa hazishiki haraka. Ya pili ni ile ya gia yenye tairi nene za 26, mara nyingi ya mtumba. Ni nyepesi zaidi na kwenye mchanga inapita vizuri, lakini gia zake zikiharibika si kila fundi atazirudisha sawasawa, na chumvi ya bahari inazipenda.

Maoni yangu: kama njia yako ni lami na unabeba mizigo, chukua ile nyeusi. Kama unapita mchanga na mawe ya matumbawe kabla ya kuifikia lami, chukua ya 26. Usinunue mpya kabisa kwa sababu ya rangi. Baiskeli zenye springi mbele na nyuma za bei rahisi ni mzigo tu, springi hizo zinakula nguvu zako na zinashika kutu mapema.

Ukienda kuangalia ya mtumba, iinue gurudumu la mbele, lizungushe, uangalie kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Kisha shika kiko cha pedali, ule mkono wa chuma unaoishika pedali, siyo pedali yenyewe, ukisukume kushoto na kulia. Kikicheza, gololi za katikati zimekwisha. Mwisho ivute cheni kwa kidole pale mbele kwenye gia kubwa: ikiachana na meno mpaka ukaona mwanga, imeshavutika, utainunua mpya. Hayo hayakuzuii kuinunua baiskeli, ila yanashusha bei.

Vingine ni hivi:

Pampu yako mwenyewe, ikae nyumbani. Usitegemee ya jirani, siku utakayoihitaji itakuwa imesafiri.

Viraka, solusheni (gundi ya kubandikia viraka), kipande cha msasa na vyuma viwili vya kutolea tairi. Vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo chini ya kiti. Ongeza spana inayofungua nati za gurudumu lako.

Mnyororo na kufuli nzuri. Kufuli ndogo ya sanduku haimzuii mtu.

Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Si mapambo, nitalirudia hili.

Kengele, madigadi mbele na nyuma, na keria yenye kamba ya mpira. Kamba iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu inafunga kuliko ya dukani.

Kofia ngumu kama unaweza kuipata. Boda wenyewe wameambiwa wavae, na kichwa chako si kigumu kuliko chao.

Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, kitambaa kikuukuu, taulo dogo, chupa ya maji ya kunywa.

Hivyo tu. Mtu akikwambia lazima ununue viatu maalumu na nguo za kubana, mshukuru uende zako.

HATUA KWA HATUA

1. Pima baiskeli ikufae wewe

Kaa kwenye kiti, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukiendesha utatumia sehemu ya mbele ya unyayo, kwa hiyo goti litakunjika kidogo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi wanaendesha kiti kikiwa chini mno, magoti yanapanda hadi kifuani, halafu wanalalamika kwamba baiskeli inachosha. Inachosha kwa sababu imekaa vibaya. Kama unaogopa kiti kirefu, kishushe kiasi vidole viguse chini, endesha wiki moja, kisha kipandishe kidogo kidogo.

Kaza breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, usitoke nayo. Jaza upepo mpaka tairi likatae kidole gumba. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi, fundi mwenye kipimo atakuonyesha mara ya kwanza, baadaye mkono utajua wenyewe.

2. Ijue njia siku isiyo ya kazi

Jumapili asubuhi, au siku yako ya mapumziko, iendeshe njia nzima bila haraka. Usidhani njia ya boda ndiyo njia yako. Boda anatafuta upesi, wewe unatafuta kivuli, udongo mgumu na magari machache. Ile barabara ya Mombasa inayopita uwanja wa ndege ina malori na matatu, na ile ya Lamu ina pilikapilika za mji. Mara nyingi kuna njia ya ndani inayokwenda sambamba, inayopita kati ya nyumba na minazi, ndefu kwa dakika 3 au 4 lakini yenye amani. Itafute.

Ukiwa njiani angalia mambo matatu: mchanga mzito uko wapi, matuta yako wapi, na nani yuko njiani ambaye ana pampu. Fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwarobaini katikati ya safari yako ana thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua. Simama, msalimie, jaza upepo hata kama hauhitajiki, mlipe. Siku ya shida atakuwa anakujua.

Tena, unapopita mitaani ndani, punguza mwendo na salimu. Kuna watoto, mbuzi, wazee waliokaa barazani. Anayepita kwa fujo anafungiwa njia kwa maneno, na anayesalimu anaitwa akidondosha kitu kutoka kwenye keria.

3. Anza na siku mbili kwa wiki, zijulikane

Jumanne na Alhamisi, kwa mfano. Siyo "nitakapojisikia". Ukingoja kujisikia, utangoja hadi kaskazi irudi. Siku nyingine endelea na boda au tuktuk kama kawaida, bila kujilaumu. Zikishakuwa rahisi, ongeza ya tatu. Wanaoanza kwa siku sita mfululizo mara nyingi huumwa makalio siku ya tatu na baiskeli inaegemezwa ukutani, kuku wanalala juu yake.

4. Tayarisha jioni

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiishika hii, nyingine zote zitakaa.

Ukimaliza kula usiku, nenda kwenye baiskeli na taa. Bonyeza matairi yote mawili. Lililolegea, jaza sasa hivi, kwa sababu likiwa na tundu dogo utaligundua asubuhi likiwa limelala na bado una muda. Pitisha kitambaa kwenye tairi uone kama kuna mwiba au kigae. Kunja nguo za kazi, zungushia ndani ya mfuko wa plastiki, zifunge. Weka taulo, chaji simu na taa, ning'iniza ufunguo wa kufuli pale pale kila siku.

Dakika 10 za jioni zinaokoa asubuhi nzima. Anayeamka saa 12 na kuanza kutafuta pampu atapanda boda, na hakuna wa kumlaumu.

5. Toka mapema na uende pole

Jua hapa linachomoza takriban kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi mwaka mzima. Ukiwa barabarani kabla ya saa 1 na nusu, hewa bado ni baridi na upepo ni mdogo. Kuanzia Januari hadi Machi, saa 2 tayari jua linauma, kwa hiyo katika miezi hiyo tofauti ya nusu saa ni kubwa.

Sasa lile swali la jasho. Jasho haliletwi na baiskeli, linaletwa na haraka. Ukienda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mtu aliye pembeni bila kukata pumzi, utafika na unyevu kidogo tu mgongoni. Dakika 5 za mwisho punguza zaidi. Usibebe begi mgongoni, hilo ndilo linalolowesha shati, liweke kwenye keria. Vaa fulana njiani, shati livalie kazini. Ukifika, usikimbilie kuvaa. Simama kivulini mpaka mwili utulie, jipanguse kwa taulo lililoloweshwa, kisha badilisha. Anayevaa shati safi juu ya mwili unaotoka jasho amefanya kazi bure.

6. Barabarani

Kaa kushoto, kama gari zinavyokwenda, lakini usijibanze ukingoni kabisa. Ukingo wa lami yetu sehemu nyingi umelika na una ngazi ya kushukia kwenye mchanga. Gurudumu la mbele likiteleza hapo, unaanguka upande wa magari. Acha nafasi ya kama urefu wa mkono mmoja kutoka ukingoni. Ukilazimika kutoka lami, punguza mwendo, ukate ukingo moja kwa moja, si mshazari, na usirudi juu ya lami kwa kuikwaruza ubavu. Shuka, inua, panda tena.

Usiwahi kwenda upande wa kulia ukikabili magari kwa kudhani ndivyo utakavyoyaona. Anayetoka kichochoroni haangalii upande huo.

Tuktuk husimama popote mtu anaponyosha mkono. Ukiwa nyuma yake acha nafasi. Boda hupita kushoto kwako pia, kwa hiyo usihame kushoto bila kugeuka kutazama. Matatu likiwa stejini, chukulia kwamba litatoka sasa hivi. Gari lililoegeshwa, pita mbali na mlango wake.

Kukata kulia kwenye barabara kubwa ndiko kunakowaumiza wanaoanza. Usikate ukiwa juu ya kiti. Simama kushoto, shuka, ngoja pande zote ziwe wazi, vuka kwa miguu. Hakuna aibu.

Ijumaa mchana, baada ya swala ya Ijumaa, njia za karibu na misikiti hujaa watu. Shuka uikokote.

Mchanga: usikate kona ndani yake na usikamate breki ya mbele. Nyoosha usukani, kanyaga kwa utulivu, na ukihisi gurudumu la mbele linazama, shuka kabla halijakuamulia.

7. Ukifika

Zungumza na askari wa getini au mwenye duka tangu siku ya kwanza, umwombe mahali pa kuiweka. Pawe kivulini, maana jua linakausha raba za matairi na breki. Funga fremu pamoja na gurudumu kwenye kitu kilichochimbiwa, si gurudumu peke yake. Taa zinazotoka kwa kubonyeza, ingia nazo ndani.

8. Kurudi

Jua linazama kama saa 12 na robo hadi saa 12 na dakika 40 jioni kulingana na mwezi, na giza letu halichelewi baada ya hapo. Washa taa kabla ya magharibi, wakati bado unaona. Taa ya mbele inakusaidia kuona shimo, ya nyuma inakusaidia kuishi. Wanaoelekea bara jioni wanalikabili jua usoni, na dereva aliye nyuma yao analikabili vile vile, hakuoni vizuri. Nguo nyeupe au kanzu nyeupe inaonekana mbali kuliko nyeusi.

Upepo nao uhesabu. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, upepo unatoka kusini na unakaza mchana kwenda jioni. Anayerudi upande wa Watamu ataukabili, anayerudi upande wa Sabaki atasukumwa. Kaskazi ikiingia, kati ya Novemba na Desemba, mambo yanageuka. Ukiukabili upepo usishindane nao. Inamisha mwili, tumia gia nyepesi kama unayo, ukubali kuchelewa dakika chache.

9. Matunzo ya kila wiki

Chumvi. Hili watu wa bara hawalijui. Baiskeli inayolala karibu na bahari inakula kutu hata kama haijaguswa na maji, hewa yenyewe inatosha. Mara moja kwa wiki panguza cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyume, kisha panguza tena mpaka nje pakauke. Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo. Yaliyo nje yanakamata mchanga tu.

Usitumie oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Ni bure, ndiyo, na kila mtu atakushauri hivyo. Inanata, inakusanya mchanga wa pwani, na mchanga ukichanganyika na mafuta unasaga meno ya gia. Itachafua suruali pia. Cheni iliyochafuka sana isafishe kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, lakini yasiingie katikati ya gurudumu, huko yanaosha grisi ya gololi.

Ukipita ufuoni maji yakiwa yametoka, na najua utapita, ioshe siku hiyo hiyo kwa maji baridi ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi hayasaidii, unaongeza lile unaloondoa.

NGUO, MIZIGO, MVUA NA SAUMU

Kina dada huuliza sana juu ya dera na buibui. Inawezekana, wapo wanaoendesha nazo, ila upana wa chini ndio hatari: unaingia kwenye spoku za nyuma au kwenye cheni, na gurudumu linakwama ghafla. Vaa suruali nyepesi ndani, kusanya upande mmoja na uufunge kwa leso kiunoni, na mwambie fundi afunge kifuniko cha cheni na wavu wa uzi pande mbili za gurudumu la nyuma. Baiskeli isiyo na bomba la juu, ile ya kike, inarahisisha kupanda na kushuka. Kanzu nayo ni hivyo hivyo, ikunje juu ya goti uifunge.

Mzigo uwe chini na katikati. Pakacha mbili zilizoning'inizwa kushoto na kulia kwa keria zinaendesheka kuliko kikapu kimoja kilichojaa juu ya usukani, ambacho kinageuza gurudumu chenyewe. Ukibeba mzigo mzito, breki ianze mapema.

Masika, Aprili hadi Juni, ndiyo mtihani. Raba za breki zikiloa, na hasa kwenye rimu za chuma, zinahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Zikamate kidogo kidogo kuzikausha kabla hujazihitaji. Usiingie kwenye dimbwi usiloona chini yake. Mawe ya matumbawe yakiloa yanateleza, shuka. Siku ya mvua kubwa panda tuktuk, na usihesabu kwamba umeshindwa.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga aendeshe asubuhi mapema kwa mwendo wa pole zaidi, na safari ya kurudi ngumu aiache kwa boda au aikokote kidogo. Kuendesha katika jua la alasiri na koo kavu si mahali pa kujionyesha. Ukihisi kizunguzungu, shuka ukae kivulini.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Pancha. Shuka papo hapo. Ukiendelea kuendesha, rimu inaikata tyubu na kiraka hakitasaidia tena. Kisha fuata hivi:

a) Kagua valvu kwanza. Tia mate juu yake. Yakitoa mapovu, shida ni mpira wa valvu, si tundu. Baiskeli za zamani zina kipira chembamba ndani ya valvu ambacho hukauka. Kibadilishe, umemaliza.

b) Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani. Toa upande mmoja wa tairi kwa vile vyuma viwili. Usitumie bisibisi, itatoboa tundu la pili. Huna haja ya kulitoa gurudumu, ivute tyubu nje ubavuni.

c) Ijaze upepo, ipitishe karibu na shavu au mdomo, ngozi ya hapo inahisi pumzi ndogo sana. Fundi hutumia karai la maji. Mtazame siku moja: anaizamisha tyubu kipande kwa kipande, anaikunja kati ya vidole, na mapovu yanapopanda kama uzi, haitoi mara moja. Anatia kijiti cha kiberiti pale pale penye tundu, ndipo anaitoa. Halafu anaendelea kuizungusha hadi mwisho, kwa sababu mwiba mmoja mara nyingi umetoboa juu na chini.

d) Kausha kabisa, sugua kwa msasa mpaka pawe pakavu na pasing'ae, paka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka. Ngoja kama dakika 5 mpaka isishike kidole. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanabandika ikiwa bado mbichi. Bandika, kandamiza kwa nguvu.

e) Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote taratibu. Mbigili huvunjika na ncha yake hubaki ndani ya raba, nje huioni. Usipoitoa, utaziba leo na kesho utaziba tena hapo hapo.

f) Tia upepo kidogo kwenye tyubu ili isijikunje, irudishe, lirudishe tairi kwa vidole gumba. Hakikisha valvu imesimama wima. Jaza.

Pancha zinarudi rudi kila wiki. Tairi limekwisha, au unaendesha na upepo mdogo. Tazama ndani ya rimu pia, kile kitambaa au mpira unaofunika vichwa vya spoku ukisogea, spoku zinaitoboa tyubu kutoka ndani. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, ndiyo sababu.

Cheni inatoka. Imelegea. Kwenye baiskeli isiyo na gia, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma likiwa limenyooka, kaza. Cheni iachwe na mchezo wa kama upana wa kidole katikati. Ikikazwa mno nayo inakata na kuchosha.

Magoti yanauma mbele. Kiti kiko chini. Yakiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno.

Makalio yanauma. Wiki mbili za kwanza ni kawaida. Yakizidi, kiangalie kiti, kisiinamie mbele wala nyuma. Usiongeze sponji nene, inabana zaidi.

Breki zinapiga kelele. Raba zina mchanga au mafuta. Zifute, zikwangue kidogo kwa msasa, panguza rimu. Zikifika kwenye chuma, badilisha siku hiyo hiyo, chuma kinakula rimu.

Mikono inakufa ganzi. Unaegemea usukani. Upandishe kidogo, ulegeze viwiko.

Umeacha wiki kadhaa na baiskeli imekaa. Usianze siku ya kazi. Jioni moja jaza upepo, uiache ilale hadi asubuhi uone kama tairi limeshika. Tia mafuta cheni, jaribu breki zote mbili, zunguka nayo mtaani mara moja. Kikilegea kitu, mpelekee fundi Jumamosi. Kisha rudi kwenye Jumanne na Alhamisi zako.